Wanamwita Fahali

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita, nitakupa kwa kifupi. Aibu haihitaji maneno mengi.

Nilisomea mifugo chuoni, nikarudi kijijini na cheti changu, nikakaa nyumbani miaka miwili nikiangalia paa. Kisha ushirika wetu wa maziwa ukachukua vijana sita, ukatufundisha kupandisha ng'ombe kwa mrija, ili mfugaji apate ndama wa mbegu bora bila kuhangaika na dume. Wenzangu watano, wanaume watupu, waliacha mmoja mmoja. Wengine walikimbilia pikipiki, wengine mjini, na wa mwisho alishindwa na vicheko tu. Nikabaki mimi. Msichana.

Kazi yenyewe ulishaisikia. Mkono wa kushoto unavaa glovu ndefu, unaingia nyuma ya ng'ombe mpaka karibu na bega. Mkono wa kulia unaongoza mrija wenye mbegu. Ukitoka hapo, hata mbwa wa nyumbani anakunusa mara mbili kabla ya kukukubali.

Na kwa kuwa ng'ombe niliowapandisha walikuwa wakishika mimba, kijiji kikanipa jina. Fahali.

Watoto waliniimbia njiani. Vijana wa kijiweni, ambao tangu waamke hawajashika hata kijiko, walisimama kunipisha. "Mpisheni mwenye mji!" Nami nilikuwa napita nimeinamisha uso kama mtu aliyevaa gauni nje ndani.

Halafu akatokea Mwalimu. Anafundisha shule ya kata ya pili, mpole, hapandishi sauti. Aliponiuliza kazi yangu, nikamjibu mimi ni karani wa ushirika. Jibu hilo alinifundisha mama. Juma lililopita, msomaji, tuliishia pale Mwalimu alipoleta habari kwamba Jumamosi ndugu zake wanakuja kuniona.

Jumamosi ikafika.

Mama aliniamsha na ndimu mkononi.

"Lete mkono."

"Mama, nimeoga mara mbili."

"Utaoga ya tatu. Mkono huo ndio utakaomimina chai."

Akanisugua kama anayeparua sufuria iliyoungua. Baba alikuwa kizingitini anachonga mpini wa jembe. Akasema taratibu, "Mama watoto, huyo ana ngozi moja tu."

"Wewe chonga mpini wako! Akizeekea hapa, utamtafutia mume kwa mpini huo?"

Baba akarudi kwenye mpini.

Gambuti zangu, ovaroli na mtungi wa mbegu, mama alivifungia kwenye banda la kuku. Kuku walipiga kelele kama waliopangishiwa wapangaji bila kuulizwa.

"Kumbuka," mama akanionya, "wewe unaandika maziwa yanayoingia na yanayotoka. Kalamu tu. Wakikuuliza la zaidi, angalia chini uone haya. Mwanamwali akiona haya hakosei."

Kuona haya! Kwa hilo, msomaji, nilikuwa fundi aliyehitimu.

Wageni walikuja watatu. Mwalimu mwenyewe, kavaa shati ambalo mikunjo ya kiwandani ilikuwa haijalitoka. Baba yake mkubwa, aliyemlea tangu baba mzazi alipofariki, mzee mrefu mwenye miguu ya mtu anayetembea shambani. Na shangazi yake. Huyo shangazi, akikaa kwenye kiti, kiti ndicho kinachomwamkia.

Nikamimina chai. Shangazi akanishika mkono kabla sijaondoka. Wa kushoto.

Akaugeuza, akaupapasa kiganja, akausogeza karibu na macho. Mimi roho juu.

"Laini," akasema. "Huu ni mkono wa kalamu. Si kama wa hawa wasichana wa siku hizi wanaofanya kazi za kiume mpaka wanaota sugu."

"Kalamu tu, wifi," mama akadakia. "Huyu hata jembe halijui."

Mwalimu alikuwa anaangalia ndani ya kikombe chake. Nilidhani ni adabu.

Baba mkubwa ndiye aliyekuwa na maswali. Yeye ni mfugaji, na ni mwenyekiti wa ushirika wa maziwa wa kwao.

"Enhe, binti. Maziwa mnayopokea huku yanakuwaje wakati wa kiangazi?"

"Yanapungua, baba. Lakini si sana. Wengi walipandisha mapema, kwa hiyo ng'ombe wamezaa kwa kupokezana. Hawakauki wote kwa pamoja."

Mama akakohoa. Nikakumbuka kuangalia chini.

"Aisee," mzee akasema, "karani huyu anajua ng'ombe!"

"Anasikia tu huko ofisini," mama akasema. "Ongeza chai, mwanangu."

Nilikuwa nimeshika birika nilipoisikia sauti uani.

"Hodi! Hodi humu! Jamani, binti yupo?"

Niliijua sauti hiyo. Ilikuwa ya jirani yetu mjane, Mama Pacha, tunamwita hivyo kwa sababu ya mabinti zake mapacha. Huyu mama ndiye mtu wa kwanza kijijini kuniruhusu niguse ng'ombe wake. Wengine walipokuwa wakicheka, yeye alishika kamba akasema, "Jaribu, mwanangu. Hakuna aliyezaliwa anajua." Ng'ombe huyo alizaa jike, ambaye sasa ni mtamba wa kupandishwa. Na mtamba huyo ndiye mali pekee aliyobaki nayo, baada ya ng'ombe yule aliyemzaa kufa kwa homa.

Mama alitoka mbio. Dirisha lilikuwa wazi. Tukasikia wote.

"Hayupo," mama akasema.

"Hayupo vipi, dada? Mtamba ana joto, anataka dume! Analia tangu jana jioni, hajalala, hatujalala. Mchana huu ukipita ndiyo basi tena!"

"Nimekwambia hayupo. Tuna wageni."

"Dada, unajua alivyosema shemeji yangu, ndugu wa marehemu. Mara tatu kwa dume lake hajashika. Safari hii akikosa, Jumatatu anampeleka buchani. Nitabaki na nini mimi na watoto? Nitabaki na kamba?"

Shangazi aliweka kikombe chini.

"Nani huyo?"

Macho yote yakanigeukia. Hapo ndipo ningeweza kusimama nikasema, ananitafuta mimi, hii ndiyo kazi yangu, nipeni muda kidogo nirudi. Maneno machache hayo. Hata mtoto angeyasema.

"Ni jirani," nikasema. "Tangu afiwe, akili zake zinakuja na kuondoka."

Nisamehe, msomaji. Au usinisamehe, ni haki yako.

Mama Pacha alikuwa amempita mama. Akasimama mlangoni, miguu ina matope, kanga imefungwa kiunoni vibaya kwa haraka. Akaniona nimekaa na gauni langu la maua. Uso wake ukafunguka.

"Ah, mwanangu, si huyu hapa! Chukua vyombo vyako twende."

Nikamtazama kama ninayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama, umekosea nyumba. Mtafute bwana mifugo."

Bwana mifugo wetu, kila mtu anajua, alihamishwa tangu mwaka jana na hakuletwa mwingine.

Mama Pacha akawatazama wageni, shati jipya la Mwalimu, vikombe vya maua ambavyo mama huvitoa kwa mwaka mara moja. Nikaona kabisa anavyoelewa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Nilitegemea atapiga kelele. Nilitamani apige kelele.

"Eh, samahanini, jamani," akasema. "Kweli nimekosea. Macho haya! Wageni, karibuni sana. Mmekuja kwenye nyumba njema, na binti ni mtoto mzuri."

Akageuka akaenda. Nilimwona akipita dirishani, hakimbii tena. Mtu mwenye pa kwenda ndiye anayekimbia.

"Maskini," shangazi akasema. "Wanamwacha atembee peke yake?"

Lakini baba mkubwa alikuwa ameketi wima.

"Huyo mama si mgonjwa," akasema. "Mtamba aliyeanza kulia jana jioni, mchana huu ndiyo mwisho wake. Anajua anachokisema. Hivi hapa kwenu mpandishaji ni nani?"

Mama akamsogezea shangazi sahani ya biskuti, lakini mzee akaendelea.

"Maana nimemsikia. Habari zake zimefika hadi kwetu. Kuna kijana, wanamwita Fahali. Wanasema ng'ombe akipandishwa na huyo, wewe anza kutafuta jina la ndama." Akacheka, kisha akaniinamia. "Binti, wewe uko naye ofisi moja. Unamjua?"

"Namjua... kwa mbali, baba."

"Basi nikwambie ukweli. Safari hii nimekuja na mambo mawili. La kwanza ni wewe. La pili ni huyo kijana. Ushirika wetu umekubali kuajiri mpandishaji wa kudumu. Mshahara wa mwezi, pikipiki, na vijana wawili wa kuwafundisha. Tumehangaika sana, vijana wote wanakimbilia mjini. Huyo ndiye tunayemtaka. Kamati yetu inakaa kesho, na mimi nimewaahidi jina."

Kazi ya kudumu! Ile niliyoiomba kila mahali, mpaka nikachoka kuona bahasha. Imekuja yenyewe, imekaa kwenye kiti cha mama, inakunywa chai yangu. Nami ninaitazama kama mtu aliyefungwa mdomo.

Nilimwangalia mama. Uso wake ulikuwa umekwisha.

"Ni mwanaume, bila shaka?" shangazi akauliza. "Kwa sababu nimesikia kuna mahali wameweka mwanamke. Mwanamke! Anaingiza mkono mpaka hapa." Akajigusa bega, akatetemeka. "Huyo mwanamke nani atakula chakula chake?"

Biskuti ilikuwa mkononi mwake. Niliipanga mimi kwenye sahani.

"Niitie huyo Fahali, binti," baba mkubwa akasema. "Nimwone kwa macho kabla hatujaondoka."

"Naenda kumtafuta," nikasema.

Na hilo, msomaji, ndilo neno pekee la kweli nililosema siku ile.

Nje, baba alikuwa bado kizingitini. Alikuwa amesikia yote. Hakunitazama. Aliingiza mkono mfukoni, akanipa ufunguo wa banda.

"Kuku wana kiu," akasema.

Nilivaa ovaroli juu ya gauni, nikafunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, nikabeba mtungi wangu, nikapita nyuma kwenye migomba. Nilikimbia. Kila hatua mtungi ulinigonga kiunoni, na nilisema moyoni, nigonge, nigonge tu.

Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na zizi. Mtamba alikuwa analia, sauti imeshakauka. Mapacha walikuwa mlangoni mwa jikoni. Waliniona, wakaingia ndani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekosea nyumba, mwanangu?"

Nikapiga magoti kwenye kinyesi cha ng'ombe, na gauni langu la maua ndani.

"Mama, nisamehe. Nilisema una... niliwaambia kwamba..."

"Nilisikia ulivyosema. Dirisha lilikuwa wazi kwenu, na kwangu pia lilikuwa wazi." Hakupandisha sauti. "Mimi kuitwa kichaa si kitu. Nimeitwa mengi tangu nifiwe. Ila ninyi wasomi mna mambo. Hawa wawili wamemaliza shule, wamekaa tu, kila siku nawaambia: mtazameni yule, hakungoja mtu amletee kazi kwenye sahani. Juzi wamekwenda ushirika kujiandikisha, na wao wafundishwe. Sasa nimerudi mikono mitupu, wameniuliza, mama, kwani Fahali amesemaje?"

"Umewajibu nini?"

"Nimewaambia hukuwepo."

Afadhali angenipiga kofi.

"Simama," akasema. "Utamlilia mtamba au utampandisha?"

Tulimwingiza kwenye kibanio, vile vigogo viwili alivyovichimbia mumewe enzi zake. Nikafungua mtungi, mvuke mweupe wa baridi ukatoka. Nikatoa mrija mmoja, nikauweka kwenye maji ya vuguvugu aliyoyaleta Mama Pacha kwenye kikombe cha plastiki, nikaufuta, nikaukinga kwa nguo usipate jua. Nikavaa glovu.

Mtamba alitulia nilipomgusa. Wanyama hawana kinyongo.

Mkono ulikuwa umeshaingia, nimeanza kupata njia, niliposikia hatua nyuma yangu. Niligeuza kichwa.

Mwalimu.

Alisimama pale na shati lake jipya, amekunja suruali kukwepa matope. Macho yake hayakushangaa. Hilo ndilo lililonishtua.

"Endelea," akasema kwa kunong'ona. "Ila fanya haraka."

"Unajua?"

"Tangu mwezi wa kwanza wa kujuana kwetu. Wanafunzi wangu wana wimbo wako."

Miezi yote hiyo nilikuwa nikijipaka manukato na kukaa upande ambao upepo hauvumi kuelekea kwake!

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Na mimi niliwaambia nyumbani wewe ni karani." Akapangusa jasho. "Nakupenda. Sikutanii. Lakini unamwona shangazi. Sikiliza, ukimaliza oga, vaa gauni lingine, urudi. Mwambie baba mkubwa kwamba Fahali amesafiri. Amehama. Amekufa, sema lolote. Tukishaoana utaacha kazi hii, nitakutafutia nafasi pale shuleni, hata ya kupiga kengele."

Kupiga kengele!

Mama Pacha alikuwa ameshika kamba ya mtamba, uso ameuelekeza kwenye migomba, kama asiyesikia.

"Lakini ile kazi ya baba yako mkubwa..." nikaanza.

"Ile kazi isahau. Tafadhali."

Kabla sijajibu, mlango wa ua ukalia. Sauti nzito ya baba mkubwa ikaingia kabla ya mwenyewe.

"Mwalimu! Nimeona unakata njia huku, nikajua umempata. Yuko wapi huyo Fahali?"

Mwalimu akaruka kama aliyekanyaga moto. Akasimama kati yangu na mlango, mikono kaitanua.

"Hayupo, baba! Hapa hakuna mtu. Ni... ni kibarua tu, anasafisha zizi."

Kibarua tu. Anasafisha zizi.

Niligandamiza uso wangu kwenye ubavu wa mtamba. Manyoya yalikuwa ya moto. Nililia bila sauti, kwa sababu ya neno lile, na kwa sababu sikuwa na haki ya kulilalamikia. Ladha yake niliijua. Nilikuwa nimeshampikia mwenzangu.

"Kibarua gani wa kusafisha zizi," mzee akasema, "mkono wake uko ndani ya ng'ombe?"

Akamsogeza mwanawe wa kumlea kwa kidole kimoja tu, kama unavyosogeza pazia. Nyuma yake nikasikia pumzi nzito ya mtu asiyezoea kutembea. Shangazi naye alikuwa amefika. Na nyuma ya shangazi, kilio kidogo ambacho ningekitambua popote duniani: mama yangu.

"Kijana," baba mkubwa akasema. "Hongera kwa kazi. Geuka nikuone."

Nilimtazama Mama Pacha. Mchana ule alikuwa amenistiri mara mbili, kwetu na kwa watoto wake. Nilimsihi kwa macho aseme neno, neno lolote.

Aliishika kamba vizuri, akaninyamazia.

Mrija ulikuwa bado haujafika mahali pake. Nikiutoa sasa ili nikimbie, mtamba anakwenda buchani. Nikibaki, itabidi nijibu. Na sauti yangu mzee aliisikia asubuhi nzima ikimwambia karibu chai, baba.

Mapacha walikuwa wamerudi mlangoni mwa jikoni. Walikuwa wananitazama.

"Geuka, kijana," mzee akarudia.

Nikaushika mrija vizuri.

"Subiri, baba," nikasema. "Sijamaliza."

Nikausogeza mrija mbele kidogo.

"Hiyo sauti..." akasema shangazi.

Kisha nikahisi mkono wa mtu unashika kitambaa changu, nyuma ya kichwa, na kuanza kukivuta. Ulikuwa wa nani, msomaji, tutaendelea juma lijalo.